Kidole cha Shahada na Jirani Yake

Cheni ya baiskeli haina dini. Ikikupata kidole inatafuna, uwe umebatizwa, uwe umesilimu, uwe hulijui hata jina la Mungu. Nalisema hili mapema kwa sababu mwaka ule wa sitini na sita, pale Busia, walikuwepo watu wazima, wenye ndevu zao na heshima zao, waliokaa wakabishana kama cheni ile ilikuwa imetumwa. Imetumwa na nani, jamani? Cheni ilikuwa imelegea, basi, na mtu mmoja mwenye pupa akakanyaga pedeli.

Mwenye kidole aliitwa Mutwalibu. Alizaliwa akiitwa Ekisa, kwao Amukura, mtoto wa Petronilla Atyang, mama ambaye hakuikosa misa hata siku ambazo mto ulifunga njia. Alikuja Busia kutafuta kazi, akapata baiskeli, akawa mmoja wa wale vijana wa kwanza kubeba watu kutoka geti letu la Kenya mpaka geti la Uganda. Abiria alikaa nyuma kwenye keria, kikapu mapajani, na Mutwalibu akanyonga huku akiwapigia kelele mbuzi wampishe. Katika kunyonga huko ndipo alipomjua Nusura, binti ya Mzee Usman mwenye duka la sukari na mafuta ya taa.

Watu walisema alisilimu kwa ajili ya msichana. Mwanzoni pengine ilikuwa hivyo, sitamtetea kwa uongo. Lakini mtu anaweza kuingia nyumba kwa kufuata harufu ya chakula, kisha akakaa kwa kuwa ameipenda nyumba yenyewe. Siku aliyosilimu alinyanyua kidole kile kinachofuata gumba, mkono wa kulia, ambacho Waislamu wanakiita kidole cha shahada, akashuhudia kwamba Mungu ni mmoja. Alilia siku hiyo, na hakuna aliyemlazimisha kulia.

Mama yake aliposikia alikuja Busia kwa miguu. Akamkuta barabarani, akakikamata kidole kile mbele ya watu, akakitikisa.

"Hiki!" alisema. "Hiki ndicho kidole kilichokutoa kwangu!"

Akageuka, akarudi Amukura bila kunywa hata maji. Tangu hapo aliendelea kumwita Ekisa, na jina la Mutwalibu hakulitamka hata mara moja, kana kwamba lingemchoma ulimi.

Sasa njoo kwenye cheni. Asubuhi moja abiria wake alikuwa Chande, mfanyabiashara wa vitenge, mjumbe wa kamati ya msikiti, mtu ambaye kanzu yake ilipigwa pasi mpaka ikasimama peke yake. Chande hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na pupa tu, na alikuwa na wateja wanaomngoja Tororo. Katikati ya geti na geti, cheni ikatoka. Mutwalibu akaisimamisha baiskeli kwenye stendi yake, akapiga goti vumbini, akaingiza kidole kuirudisha cheni kwenye meno.

"Bado tu?" Chande aliuliza.

"Kidogo, bosi. Usiguse kitu, kidole kiko ndani."

"Acha nikusaidie, bwana, tutalala hapa!"

Akanyanyua mguu, akaikanyaga pedeli.

Gurudumu likazunguka, cheni ikapanda, na kidole kikapanda nayo. Mutwalibu alipokivuta, ile nyama nono ya ncha, upande wa ndani, ile tunayobonyezea chumvi na kuhesabia tasbihi, ilibaki kwenye meno ya chuma. Mfupa ulikuwa unachungulia, mweupe. Alipiga yowe lililosikika mageti yote mawili.

Chande alikuwa wa kwanza kuchana kitambaa chake na kumfunga. "Ndugu yangu," alinong'ona, "nisitiri. Wakijua ni mimi, nitaiweka wapi sura yangu? Sema cheni ilikukamata. Nisitiri, na Mungu atakusitiri, nami nitakusitiri." Mutwalibu, meno yameumana kwa maumivu, akaitikia kwa kichwa. Kwake yeye neno la kumsitiri Mwislamu mwenziwe lilikuwa bado jipya na tamu, na alifurahi kuombwa.

Kwenye zahanati dresa, mfunga vidonda wa pale, alikitazama kidole, akasikitika, akachukua kalamu na kuchora mstari kwenye kifundo.

"Tunakata hapa. Unapona upesi, unarudi kwa baiskeli yako."

"Hakikatwi," Mutwalibu alisema.

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mwenye kidole."

"Kijana, hapo hakuna nyama ya kushona. Nishone nini na nini?"

"Sijui. Lakini mama yangu alinikana mbele ya watu kwa ajili ya kidole hiki. Leo nikiache kwenye ndoo yako? Haiwezekani."

Dresa akacheka kwa mshangao, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akamwambia kuna hospitali ya misheni upande wa Funyula, yuko sista mmoja wa Kizungu anayeshona vidole kama mtu anayedarizi. Mutwalibu akapanda lori la pamba, mkono juu, akaenda.

Sista huyo aliitwa Alfonsa. Alikuwa mrefu, mkavu, na Kiswahili chake alijifunza kwa wagonjwa, kwa hiyo alijua zaidi maneno ya maumivu kuliko ya salamu. Alikigeuza kidole chini ya taa, akamwambia akipinde, akinyooshe.

"Kidole ni kizima," alisema. "Kimevuliwa nguo tu."

"Basi kivishe, Sista."

"Si rahisi. Ngozi ya paja nikiibandika juu ya mfupa mtupu, itakauka, maana mfupa hauna cha kuilisha. Hapa inatakiwa ngozi inayokuja na damu yake." Akakishika kidole cha kati, jirani wa kile kilichoumia, akakipapasa mgongo. "Huyu atasaidia. Nitakata ngozi ya mgongo wake pande tatu, upande wa nne nauacha, ndiyo bawaba. Naufungua kama mlango, naufunika juu ya kidonda cha mwenzake, nashona. Damu itapita kwenye bawaba. Na mgongo huu nitauwekea ngozi nyembamba kutoka mkononi, maana hapa chini pana nyama, itashika. Wiki tatu vidole viwili vitaishi pamoja. Ngozi ikishaota mizizi kwa jirani, naikata bawaba, kila mmoja anaenda zake."

"Na vikitenganishwa kabla?"

"Ngozi itakufa. Hapo nitakikata kidole, na sitakuwa na njia nyingine. Umesikia? Uzi huu haugusi mtu isipokuwa mimi."

Mutwalibu akaona ni haki amwambie. "Sista, hiki ni kidole ninachoshuhudia nacho. Mimi ni Mwislamu."

Sista Alfonsa alikuwa tayari ananawa mikono. "Mimi nashona kidole," alisema bila kugeuka. "Utakachosema nacho ni kati yako na Mungu. Lakini ukiiharibu kazi yangu, hapo tutagombana mimi na wewe."

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Alipozinduka kwenye usingizi wa dawa Mutwalibu akaona kwamba kimoja hakijivishi ngozi pia. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeshonwa ubavu kwa ubavu, cha shahada kimeinama kidogo kumlalia mwenzake, na juu yake bendeji nyeupe. Alivitazama muda mrefu. Viliuma vyote viwili, aliyetoa na aliyepewa.

Siku chache baadaye alipata nguvu za kukaa. Akatawadha, akapaka maji juu ya bendeji kama alivyofundishwa, akaelekea kibla kitandani hapo hapo, akaswali kwa kukaa. Alipofika mwisho, pale pa kushuhudia, akataka kukinyanyua kidole kimoja. Uzi haukukubali. Vilinyanyuka viwili, vimeungana, vimeinama kidogo, vyeupe.

Na mlangoni alikuwa amesimama mama yake.

Petronilla Atyang alikuwa amesikia mwanawe yuko hospitali, na mama ni mama, alikuja mbio na kikapu cha mayai. Sasa nikuambie jambo. Nyumbani kwake Amukura, juu ya kitanda, kulikuwa na picha moja tu, ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na kwenye picha ile Bwana amenyanyua mkono wa kulia, vidole viwili juu, vimeungana, vimeinama kidogo, anabariki. Kila asubuhi kwa miaka mingi mama huyu aliamka akaitazama picha hiyo. Na sasa anamwona mwanawe, hospitali ya masista, uso umetulia, midomo inasema maneno ya sala, na mkono wa kulia uko vile vile. Alipiga magoti sakafuni, kikapu kikaanguka, mayai mawili yakavunjika.

Mutwalibu alimaliza sala yake, akageuka. "Yoga, toto," alimsalimu kwa Kiteso, ambako toto ni mama, kama alivyomwita tangu utoto.

"Usiseme neno," mama alisema, machozi yanamtiririka. "Nimeona. Ekisa, umerudi?"

Mutwalibu alidhani anamuuliza habari ya usingizi wa dawa. Manesi wote walikuwa wakimuuliza hivyo hivyo tangu alipotoka chumba cha upasuaji. "Nimerudi, toto," alijibu. "Namshukuru Mungu, nimerudi salama."

Lo! Mama aliondoka pale kama msichana. Hakungoja hata aambiwe vidole vimefanywa nini. Kufikia jioni Amukura nzima ilijua kwamba Ekisa wa Petronilla amerudi kanisani, kwamba anabariki kama Bwana mwenyewe, na kwamba nafaka ya wimbi imeanza kulowekwa kwa ajili ya ajon, pombe ya sherehe. Habari ikapita Nambale, ikapita Malaba. Ilipofika Busia ilikuwa imeota mbawa na mkia.

Mutwalibu aliporudi mjini, mkono kwenye kitambaa cha kuning'inizia, alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Mkewe Nusura alimpokea mlangoni, akamfungua vifungo vya shati, akamwosha uso, ndipo akamwambia watu wanasema nini. Mutwalibu alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mama yangu huyo! Nitakwenda nimwambie mkono ukipona."

"Cheka tu," Nusura alisema. "Lakini Chande hacheki."

Chande, kwa kweli, alikuwa amelala vibaya tangu siku ile. Mjini watu walishaanza kuulizana. Cheni inamkamataje mwendesha baiskeli aliyeirudisha mara mia? Abiria siku hiyo alikuwa nani? Halafu Amukura ikamletea zawadi. Kama kidole kililiwa na hukumu ya Mungu kwa sababu mwenyewe ni mnafiki, nani atauliza habari ya mguu uliokanyaga? Basi akaishika habari ile kwa mikono miwili.

Mutwalibu alikwenda kuswali. Alipokaa kwenye kushuhudia, viwili vikanyanyuka, na safu nzima ikageuza macho. Nje, wakati watu wanatafuta viatu vyao, Chande akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mnamwona? Alianzia kwa watatu, sasa amefika kwa wawili. Kwa Mmoja safari bado ndefu."

Watu wakaangua kicheko. Hata Mutwalibu alicheka, maana ulikuwa mzaha wa akili. Lakini kesho yake mzaha haukuwa mzaha tena. Abiria walimpita hata ndugu aliyekuwa akiiendesha baiskeli yake kwa niaba yake. Muuza kahawa alimwekea kikombe mezani badala ya kumpa mkononi. Na jioni Mzee Usman, baba mkwe wake, alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia, akakataa chai.

"Mwanangu," alisema, "kesho ni Ijumaa. Kamati inataka usije msikitini na mkono huo."

"Mzee, mkono huu ni mgonjwa. Mgonjwa anafukuzwa?"

"Wanasema vitenganishwe. Ni uzi tu, wanasema, kinyozi ataukata. Au dresa akikate kabisa, watu wanyamaze. Kidole ni kipande kidogo cha mtu."

"Uzi ukikatwa ngozi itaoza, na kidole kitakwenda. Sista aliniambia kwa kinywa chake."

"Unataka mimi nifanyeje? Mimi ndiye niliyekudhamini. Mimi ndiye niliyekupa binti." Sauti ya mzee ilipasuka kidogo. "Kama huwezi kulimaliza hili, nitamchukua Nusura akae kwangu mpaka mambo yatulie."

Nusura alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi, na hapo ndipo ninapompenda mwanamke huyu. "Baba, kwa heshima zote, mimi si mzigo wa sukari wa kuhamishwa ghala. Siendi." Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe, ukikikata kidole kwa sababu ya maneno ya watu, ulimi utaukata lini? Maana maneno hayatakwisha."

Mzee aliondoka bila kuaga. Mutwalibu alikaa pale pale, akiwaza. Neno moja tu lingemwokoa, nalo alikuwa ameahidi kutolisema. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Alikuwa amemsitiri Chande kwa kidole kilichovuja damu, na Chande alikuwa anamvua nguo sokoni. Sitara ni shuka ya watu wawili. Mmoja akiivuta yote upande wake, mwenziwe amelala uchi, na hilo si agizo la Mungu.

"Nitakwenda," alimwambia Nusura. "Na nitakaa mbele."

Akaenda. Akawahi, akakaa safu ya kwanza, nyuma ya imamu kabisa, kanzu nyeupe, bendeji nyeupe. Alipofika pa kushuhudia hakuuficha mkono kwenye kanzu kama Nusura alivyoogopa angefanya. Alivinyanyua juu kuliko siku zote.

Salamu ya mwisho ilipotoka, Chande akasimama. "Ndugu Waislamu, tuseme kweli. Mungu mwenyewe alikitafuna kidole kile cha uongo. Kisha wamisheni wakakishona na mwenzake ili hata akitaka kusema Mmoja asiweze! Kule Amukura mama yake anatengeneza pombe ya kumpokea. Kama yeye ni mwenzetu, avitenganishe leo, hapa nje, tuone kimoja. Kinyozi yupo."

Kelele zikapanda. Mtu mmoja nyuma akamshika Mutwalibu kifundo cha mkono, si kwa ubaya, kwa kutaka kuona tu, lakini vidole vikavutika, na maumivu yakampanda mpaka begani. Akaruka akasimama.

"Niache!" alinguruma. "Nyote nisikieni. Atakayeugusa uzi huu atakuwa amenikata kidole, si kinyozi, si kamati, ni yeye. Nani anataka dhambi hiyo? Ajitokeze nimwone uso!"

Hakujitokeza mtu. Akamgeukia imamu, mzee mpole aliyekuwa bado amekaa kwenye mkeka wake.

"Maalim, nifundishe, mimi ni mgeni katika dini. Ukitaka kumshtaki mtu, unahitaji mashahidi wangapi?"

"Wawili," imamu alisema.

"Wawili. Basi ninao hapa." Akanyoosha mkono, na vile vidole viwili vilivyoshonwa, vyeupe, vikaelekea moja kwa moja kifuani kwa Chande. "Hiki cha shahada kilikuwa ndani ya cheni. Na hiki cha kati kilikuwa kando yake, kikaona. Nilinyamaza kwa sababu uliniomba nikusitiri, nikakusitiri, wewe ukanigeuza kichekesho. Sasa mashahidi wangu wanakuuliza mbele ya watu, Chande. Nani aliikanyaga pedeli?"

Watu wakamgeukia Chande. Angeweza kukana, na wengi wangemwamini. Lakini alikuwa msikitini, na vile vidole havikuondoka kifuani pake.

"Nilikuwa nasaidia," alisema kwa sauti ndogo.

Hapo watu wakalipuka. Huyu anasema astaghafirullah, yule anacheka, mwingine anamtukana Chande na kukumbuka yuko wapi, anaomba msamaha. Imamu aliinuka polepole, akakung'uta mkeka wake.

"Mwenye jeraha anapaka maji juu ya bendeji na sala yake inafaa," alisema. "Nilingoja mtu aje aniulize. Mlikwenda kumuuliza kinyozi. Tawanyikeni."

Mutwalibu alitoka. Pale mlangoni akainama kutafuta viatu vyake kwa mkono wa kushoto, akakuta vimeshashikwa. Mzee Usman alikuwa ameviokota kwenye lundo. Aliinama, yeye mwenyewe na magoti yake mabovu, akaviweka mbele ya miguu ya mkwewe, kimoja baada ya kingine.

Wiki ya tatu ilipotimia alirudi kwa Sista Alfonsa. Sista aliikata bawaba, akavitenganisha, akakibonyeza kidole cha shahada na kungoja. Ngozi ilipauka, kisha damu ikairudia.

"Inaishi," alisema, na kwa mara ya kwanza Mutwalibu akamwona akitabasamu. "Itachukua miezi mpaka uhisi vizuri. Na itabaki nyeusi hivi, maana ni ngozi ya mgongo wa kidole. Pengine itaota hata vinyweleo."

Mutwalibu alikitazama. Kilikuwa kimevimba, kina mishono, na katikati ya weupe wa upande wa ndani kilibeba kiraka cheusi. Hakikuwahi kuwa kibaya hivyo. Alikipenda hivyo hivyo.

Mama yake alimkuta kwenye benchi nje ya wodi. Amevaa gauni la Jumapili, na kwapani ana shati jipya jeupe. "Padre anakungoja keshokutwa," alisema kabla ya salamu. "Pombe imeiva. Omagor wa kule mtoni ametoa mbuzi."

Msikitini hakuogopa, lakini hapa aliogopa. Alimkalisha karibu naye. "Toto, sikurudi."

"Ulisema umerudi. Kwa kinywa chako."

"Nilidhani unauliza kama nimeamka kwenye dawa. Sikurudi, na sirudi. Nilikuwa naswali sala yangu."

"Na vidole? Vidole vya Bwana?"

"Ulikuwa uzi wa Sista tu, toto. Vilikuwa vimeshonwa pamoja."

Petronilla Atyang akapiga paja lake kwa kofi. "Nimewaambia Amukura nzima! Nimemwambia padre! Nimetwanga wimbi mpaka mabega yanalia, Ekisa, kwa sababu ya uzi!" Akalia, akiwa amekasirika, na Mutwalibu akamwachia bega lake, mama akaegemea.

Alipomaliza kulia akajifuta kwa pindo la gauni. "Nionyeshe," alisema.

Akampa mkono. Mama akakishika kile kidole, kile kile alichokitikisa barabarani, safari hii taratibu. Akakigusa kile kiraka cheusi. "Hii ngozi imetoka wapi?"

"Hapa." Akamwonyesha mgongo wa kidole cha kati, pana kovu jipya jekundu.

"Hiki kilikuwa kimefanya kosa gani?"

"Hakuna."

"Cheni haikukigusa?"

"Haikukigusa."

"Lakini kikavuliwa ngozi ya mgongo, kikampa mwenzake aliyeumia. Wakakaa pamoja mpaka akapona. Kisha wakatenganishwa, na hiki kikabaki na kovu."

"Ndiyo, toto."

Mama alitikisa kichwa mara nyingi, polepole, kama mtu anayeonyeshwa ndugu yake kwenye umati. "Basi huyu namjua," alisema. "Huyu ni mimi." Akainua uso, macho bado mekundu, lakini kidevu kimepanda juu. "Sikiliza, Mutwalibu."

Mutwalibu alishtuka. Hakuwa amelisikia jina lake kinywani mwa mama yake hata siku moja.

"Kila Ijumaa ukikinyanyua kidole hicho mbele ya Mungu wako, unakinyanyua kimevaa ngozi ya mama yako. Utakuwa unaninyanyua na mimi. Sikuombi ruhusa, nakuarifu tu. Na mbuzi ataliwa, maana siwezi kumrudisha Omagor mbuzi wake kwa sababu yenu ninyi na dini zenu."

Mbuzi aliliwa. Mutwalibu alimchinja mwenyewe, kisu mkono wa kushoto kwa sababu ya jeraha, ili Nusura na Mzee Usman wapate kula, na padre naye akala paja zima. Adhuhuri ilipofika alitandika mkeka nyuma ya nyumba, upande wa zizi. Wanawake waliokuwa wakichota pombe wakachungulia. Alipokaa kushuhudia, kidole kikanyanyuka kimoja, kinene, kina kiraka.

"Mnakiona?" Petronilla Atyang aliwaambia wenzake, kata mkononi. "Ile nyeusi pale. Ile ni yangu."